Sisi wa chini ya Expressway tumeachiwa nini hapa Mombasa Road?

Jamani, nimechoka, na leo nasema. Naishi Mlolongo, kazi iko Westlands. Expressway yote, ile barabara ya kulipia ya hapa Nairobi iliyojengwa juu ya hii yetu, kilomita 27, inaanzia kwetu na kuishia huko huko ninakokwenda, lakini miaka inapita na mimi bado nachelewa kazini.

Leo nimetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, mvua inanyesha. Kufika Bellevue matatu imesimama, dereva amezima injini. Maji yanamwagika kutoka barabara ya juu moja kwa moja hadi kwenye paa letu. Mama aliyekaa dirishani amemfunika mtoto na leso yake kwa sababu kioo hakifungi. Huko juu unasikia magari yakipita vuu, vuu. Saa mbili kasoro ndiyo tunafika Nyayo.

Na msiniambie nipande za juu. Wiki jana nilipanda, makanga akaongeza shilingi 50 "ya Expressway". Tulikimbia vizuri mpaka mteremko wa Haile Selassie, hapo tukakwama karibu nusu saa. Barabara za mjini si ni zile zile? Foleni imesogezwa mbele tu.

Ilipofunguliwa 2022, gari dogo lililipa Sh360 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Januari 2024 ikapanda hadi Sh500. Kwenda na kurudi ni elfu moja kwa siku, kabla hujaweka mafuta, na kwenye kila lita ya mafuta kuna Sh25 tunazokatwa za kutengeneza barabara. Hizo za kwetu huku chini zinatengeneza nini? Nguzo wamezisimika katikati ya barabara ya umma, bodaboda na tuktuk hawaruhusiwi kupanda, na mkataba wa kutoza ni wa miaka 27. Mtoto wa yule mama atakuwa mtu mzima na familia yake bado tunalipishwa!

Tunachodai si kikubwa. Mitaro izibuliwe, watu wapate pa kutembea bila kurushiwa matope, na mabasi yatengewe njia yao huku chini, ya bure.

Kesho natoka saa kumi na moja kamili. Hii wiki nimechelewa mara mbili, na ya tatu nakatwa mshahara.