Rilizi imenipiga ngumi ya mdomo: tupeane uzoefu

Mshale_Mmoja (Columbus, Ohio)
Wakuu, habari zenu. Najua tunaopiga upinde wa kompaundi (ule wenye magurudumu nchani yanayopunguza uzito ukishavutwa) humu ni wachache, lakini tupo, na kila mmoja ana kisa chake na rilizi, hiki kidude cha kuachia mshale. Naanza na changu, maana mdomo bado umevimba.

Jumamosi nilikuwa uwanja wa ndani, mita 18. Rilizi yangu ni ya mkanda wa mkononi, taya mbili za kushika kitanzi cha upote, triga ya kufyatua kwa kidole cha shahada. Upinde ni wa paundi 60. Nimevuta hadi katikati, taya zikafunguka zenyewe. Ngumi ikanirudi mdomoni, mshale ukapaa ukagonga wavu wa nyuma. Uwanja mzima kimya. Mzee mmoja akanisogelea, akauliza kama meno yapo. Yapo. Nyumbani mke wangu akataka kujua nani kanipiga, nikamwambia nimejipiga mwenyewe. Mpaka leo haamini.

Kosa langu ni hili: kila wiki nilikuwa naipulizia ile dawa ya kulegezea nati zilizoshika kutu, nikidhani naitunza. Kumbe ikikauka inaacha utando unaonata, na mimi rilizi naitupa mfuko wa jaketi pamoja na vinyuzi vya nguo na maganda ya karanga. Ndani mle taya hushikiliwa na kingo mbili za chuma zinazoegemeana kwa upana mdogo mno. Uchafu ukikaa hapo, kwa macho taya zimefunga, kumbe zimening'inia tu. Halafu tunasahau hesabu: upinde wenye punguzo la asilimia 80 ukishavutwa wote unakuachia paundi 12 za kushikilia, lakini njiani rilizi imebeba zote 60. Ndiyo maana yangu ilinitoroka katikati.

Nimeiosha kwa mafuta ya kiberiti, yale ya kujazia viberiti vya utambi. Nimefanyia nje, mbali na moto. Nikaizamisha kwenye kikombe (cha zamani, msinichongee kwa mama watoto), nikabonyeza triga kama mara 30, yakatoka maji meusi ti. Ilipokauka nikatia tone moja la mafuta ya cherehani. Sasa inatoa ule mlio wake mkavu, *tk*, ambao nilikuwa nimeshausahau.

Nani mwingine? Msione haya.

Dada_wa_Theluji (Minnesota)
Pole kaka, nimecheka lakini pole. Hayo mafuta ya cherehani yatakusaliti siku ya baridi.

Mimi ilikuwa Novemba, msimu wa kulungu, nimepanda kwenye kiti cha mtini tangu kabla ya alfajiri. Baridi digrii 15 chini ya sifuri. Dume akatokea, mita 20 hivi, ubavu wote kwangu. Nikafungua ndoano ya rilizi ili niishikize kwenye kitanzi cha upote, ikabaki wazi. Haifungi. Mafuta yameganda kama samli. Nikafanya ujinga wa kuipulizia pumzi ili ipate joto. Mvuke ukaganda juu yake, ikawa mbaya zaidi. Yule dume akaondoka taratibu, hata hakukimbia.

Siku hizi naosha kama ulivyoosha wewe, halafu natia kilainishi kikavu tu, kile cha unga wa grafiti. Na rilizi inakaa ndani ya glavu mpaka dakika ya mwisho.

Uta_wa_Babu (Nairobi)
Babu yangu alikuwa Mkamba wa kweli, alivuta uta kwa vidole na rilizi hakuijua. Mimi mjukuu bila kidude sifiki popote. Huku Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo sina hadithi za kulungu, tunapiga tageti tu. Adui wangu ni vumbi. Lakini kilichoniponza si vumbi, ni tamaa.

Rilizi yangu ina skrubu mbili: moja ya uzito wa triga, nyingine ya urefu wa safari yake. Nikataka iwe nyepesi kama za wale mabingwa. Nikakaza robo, robo nyingine, nusu. Kwa siku mbili nilipiga vizuri ajabu. Siku ya tatu nikaigusisha goti kidogo tu, ikafunguka. Baadaye ikawa haishiki kabisa, mpaka uigonge kiganjani. Mtu mwenye akili angerudisha skrubu alipoitoa. Mimi nikaifungua yote, nikiwa nimekaa kwenye nyasi. Springi ikaruka. Ndogo kama punje ya mchele. Nikaitafuta kwa sumaku ya spika mbovu mpaka giza likaingia.

Fundi wa hivi vitu mtaani hayupo, ukipeleka kwa wa saa anakutazama. Wiki saba nilipiga kwa rilizi ya kuazima, nikisubiri binamu aje na springi kutoka nje.

Sasa skrubu naizungusha kidogo, chini ya robo, napiga mishale kadhaa kabla ya kuigusa tena. Na napaka mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye bodi. Mstari ukikatika najua skrubu imejizungusha yenyewe. Rangi ni ya mke wangu, nyekundu.

Mzee_wa_Bawaba (Dallas)
Vijana, mnalaumu rilizi kwa kila kitu. Mara ngapi mmekagua kitanzi?

Mwaka jana mishale yangu ilianza kwenda kushoto na kitanzi kinatoa manyoya kila baada ya siku chache. Nikabadilisha kitanzi mara tatu, bado. Kisha nikachukua soksi ndefu ya nailoni, nikaipitisha ndani ya taya polepole. Ikanasa. Palikuwa na kijino cha chuma ambacho jicho langu la miaka 61 halikioni. Kilikuwa kinakula uzi kila nikiachia. Sikukisugua kwa msasa, maana ukikosea unaharibu umbo la taya. Niliirudisha kwa waliotengeneza, wakabadilisha kipande.

Na nyie wa triga: wakati wa kuvuta, kidole kikae NYUMA ya triga, si juu yake. Sisi wa rilizi za bawaba, zisizo na triga, tunajua adabu hiyo kwa nguvu. Ukizungusha mkono kabla ya wakati, unakula ngumi kama ya Mshale_Mmoja.

Mgeni_Kidogo (Louisville, Kentucky)
Bandugu, mimi ni wa Bukavu, naanza tu. Nimenunua rilizi iliyotumika, muuzaji anasema ni nzima. Nitajuaje bila kuvunja meno?

Mshale_Mmoja
Karibu. Usiijaribie kwenye upinde kwanza, na upinde usiuachie kamwe bila mshale, unaweza kupasuka mikononi. Chukua kamba imara, ifunge iwe kitanzi kirefu, urefu wa mvuto wako. Upande mmoja ushike kwa mkono wa upinde, mwingine uweke kwenye rilizi. Kichwa kiweke pembeni. Vuta kwa nguvu za mgongo bila kugusa triga, tikisa, rudia. Mara 50. Isiachie hata moja.

Mgeni_Kidogo
Nimefanya hivi asubuhi. Kati ya mara 50 imeachia 3, na ya mwisho nimejipiga begani. Namrudishia mwenyewe leo jioni.

Uta_wa_Babu
Usimrudishie, atamuuzia mwingine. Nitumie mimi, nataka springi yake.