Zinki ya shafti inaisha ndani ya wiki tano na propela imegeuka rangi: tatizo ni nini?

Mwenye boti, Kunduchi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina boti ya faiba yenye injini ya dizeli ya ndani, shafti ya stenlesi na propela ambayo niliuziwa kama bronzi. Boti hukaa kwenye boya mwaka mzima na haijawahi kuunganishwa na umeme wa nchi kavu. Zamani zinki ya shafti, yaani kipande kinachofungwa ili kiliwe na bahari badala ya shafti na propela, chenye uzito wa gramu 300 hivi, ilikuwa inadumu takriban miezi minane. Tangu Machi, nilipofungiwa kaplingi ya mpira kati ya giaboksi na shafti pamoja na pampu mpya ya kutoa maji ya ngama (yanayokusanyika chini ndani ya boti), zinki inaisha ndani ya wiki tano. Bamvua iliyopita niliipweleza boti, nikakuta kingo za propela zimekuwa na rangi ya waridi na vitundu vidogo, na shafti ina mstari wa kahawia pale inapoingia kwenye bushi inayoishikilia ikizunguka. Fundi wangu anasema propela ni bandia, ninunue nyingine. Ninasita kutoa fedha hizo kabla ya kujua kilichoila hii ya kwanza.

Fundi, Kigamboni

Umefanya vyema kusita, ndugu yangu, kwa sababu propela mpya utakayoifunga leo italiwa kama hiyo ikiwa chanzo bado kipo.

Anza na rangi. Propela nyingi zinazoitwa bronzi ya manganizi kwa hakika ni brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki inayokaribia asilimia 40. Kinga ya zinki ya shafti inapokosekana, bahari huinyonya zinki iliyomo ndani ya propela yenyewe, ikabaki shaba tupu yenye rangi ya waridi, ambayo kwa macho bado ina umbo la propela lakini ndani imekuwa kama sifongo. Kwa hiyo rangi hiyo haithibitishi kwamba uliuziwa bandia. Inathibitisha kwamba propela ilikaa bila ulinzi.

Mstari wa kahawia kwenye shafti ni ugonjwa mwingine kabisa, usiuchanganye na huo. Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji oksijeni ili ujirudishie. Boti ikikaa kwenye boya wiki nyingi bila kutembea, maji yaliyonaswa ndani ya bushi huishiwa oksijeni, utando unakufa mahali hapo, na shimo linaanza kuchimbika huku sehemu nyingine zote za shafti ziking'aa. Nimewahi kuchomoa shafti iliyoonekana safi kwa nje, nikaikuta imeliwa ndani ya bushi kiasi cha kuingiza ncha ya kidole.

Naomba unijibu mambo mawili. Zinki iliyobaki ilikuwa na ukoko mweupe, au iling'aa kama iliyosafishwa? Na je, betri yako imekuwa ikilala?

Mwenye boti, Kunduchi

Shikamoo fundi. Iling'aa, na nilifurahi nikidhani ni dalili njema. Betri ndiyo, kila nikikaa siku tano bila kuwasha injini huwa imelala, nilidhani imezeeka.

Msomaji, Mbweni

Kwa nini usifunge zinki mbili badala ya moja? Mimi nilifanya hivyo na zikadumu zaidi.

Fundi umeme wa vyombo vya majini, Msasani

Zinki ya pili ingempa wiki tano nyingine tu, na ingemficha ugonjwa. Zinki inayong'aa pamoja na betri inayolala ni dalili za umeme wa betri unaovuja kupitia majini, na umeme huo hula chuma kwa kasi kubwa mno kuliko tofauti ya kawaida kati ya metali mbili zilizogusana baharini.

Ninavyodhani ni hivi: waya chanya wa pampu unagusa maji ya ngama, umeme unaingia kwenye shafti, na kwa kuwa kaplingi ya mpira imeitenga shafti na injini, hauwezi kurudi kwenye betri kwa njia ya chuma. Unatokea kwenye zinki na propela, unapita baharini, kisha unarudi kupitia chuma kingine kilichounganishwa na injini. Metali huliwa pale umeme unapotoka kuingia majini, si pale unapoingilia.

Pima hivi. Zima kila kitu isipokuwa pampu katika hali ya kujiwasha yenyewe, fungua waya hasi wa betri, kisha pitisha umeme kwenye mita iliyowekwa kwenye kipimo cha ampea. Pampu ikiwa haizunguki unapaswa kuona miliampea chache tu. Baada ya kurudisha waya huo, chukua kipande cha zinki safi, kifunge kwenye waya na kukining'iniza baharini karibu na tezi bila kugusa chuma chochote, upime volti kati yake na shafti. Shafti na propela zisizo na kinga husoma takriban volti 0.7. Chomoa fyuzi ya pampu huku ukitazama mita: namba ikishuka ghafla, umempata mwizi.

Mwenye boti, Kunduchi

Nimerudi na majibu. Mita ilionyesha miliampea 400 pampu ikiwa imetulia. Dhidi ya kipande cha zinki, shafti ilisoma karibu 0.9, na nilipochomoa fyuzi ikashuka hadi 0.7. Kiungo cha waya wa floti, swichi inayoelea na kuiwasha pampu maji yakipanda, kilikuwa kimefungwa kwa tepu tu, chini kabisa ndani ya ngama, na shaba yake imegeuka unga wa kijani. Vali ya kuingizia maji ya bahari ya kupozea injini imeunganishwa kwa waya na injini, bila shaka ndiyo njia ya kurudia.

Fundi umeme wa vyombo vya majini, Msasani

Hesabu inakubali. Ampea moja ikitoka mfululizo huyeyusha takriban kilo 10 za zinki kwa mwaka. Kwa miliampea 400 ni kama gramu 80 kwa wiki, yaani gramu 400 kwa wiki tano. Zinki yako ina 300. Kilichobaki kimetoka kwenye propela. Kiungo kipya kiwe juu ya ngama, kibanwe kwa klipu na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani.

Fundi, Kigamboni

Sasa propela. Kwangua sehemu ya waridi hadi uone rangi ya dhahabu, kisha igonge kwa nyundo ndogo. Ikilia kama kengele na waridi ni la juu juu tu, itumie huku ukiikagua kila bamvua. Ikitoa sauti iliyokufa, usikubali ichomelewe, ibadilishe. Shafti ichomoe bila kusubiri, uitazame ndani ya bushi. Zinki mpya usiipake rangi, na mahali inapokaa pasuguliwe hadi chuma kiwe cheupe.

Mwenye boti, Kunduchi

Nimeikwangua. Ncha zote tatu ni waridi hadi ndani na sauti imekufa; nanunua nyingine, safari hii nikijua sababu. Shafti tunaichomoa Jumamosi maji yakitoka. Asanteni sana.