Tupeane uzoefu: sinema za kutazama ukiwa ndani ya gari

#1 (mwanzisha mada)
Wakuu, uzi huu ni wa wanaozifahamu sinema za garini, zile draivu-ini. Habari za "enzi zile raha tupu" tuziache. Leteni yanayomfaa mtu: aegeshe wapi, sauti aipateje, betri isije ikamlaza uwanjani.

Naanza na chimbuko. Richard Hollingshead alifungua ya kwake karibu na Camden, New Jersey, tarehe 6 Juni 1933. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu. Kabla ya hapo alijaribu nyumbani: projekta juu ya boneti, kitambaa kimefungwa kwenye miti, maji ya bustani yakirushwa juu ya gari ili aone mvua itaharibu nini. Kilichomsumbua ni gari la mbele kumziba wa nyuma. Akaweka vigingi chini ya magurudumu ya mbele, gari likainua pua, na hapo ndipo lilipozaliwa wazo la matuta ya kuegeshea. Hataza (haki ya uvumbuzi) aliyopata ilihusu mpangilio huo wa uwanja. Mwaka 1949 mahakama ya rufaa ya Marekani iliitengua.

#2
Mkuu umesahau sauti, na ndiyo iliyochukua miaka mingi kutengemaa. Mwanzoni spika kubwa zilikaa kwenye kiwambo, ile skrini ya picha. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 120 nyuma huisikia ikiwa imechelewa theluthi moja ya sekunde. Filamu ina picha 24 kwa sekunde. Hapo ni picha nane zimeshapita. Mdomo umefunga, neno ndiyo kwanza linafika. Na majirani wa uwanja wanasikiliza filamu nzima bila tiketi, tena bila kupenda.

Mwaka 1941 kampuni ya RCA wakaleta spika ndogo ya kuning'iniza kwenye kioo cha dirisha, yenye kitufe chake cha sauti. Nguzo moja ilihudumia magari mawili. Kuchelewa kukaisha, ila ikaja kero nyingine: dereva anasahau, anaondoka nayo, waya unakatika au kioo kinapasuka. Maji nayo yaliingia kwenye karatasi ya spika ikaanza kukwaruza. Redio ya FM, sauti ya filamu ikirushwa hadi redio ya gari, ndiyo iliyomaliza habari ya nguzo.

#3
FM safi, lakini hapo ndipo betri zinapofia. Tupige hesabu. Redio ya kawaida hula kama ampea 2. Saa nne ni ampea-saa 8. Betri nzima ya ampea-saa 45 inavumilia. Feni ya hewa ikiwa kasi ya juu inaweza kula ampea 10 na zaidi, saa nne ni 40. Hapo huwashi gari.

Funguo ikae hatua ya kwanza, ya redio tu. Hatua ya pili huamsha mitambo mingine bila faida. Magari ya kuwasha kwa kitufe: bonyeza bila kukanyaga breki. Mengi hujizima yenyewe baada ya muda, basi ujue kabla filamu haijafika patamu. Kuna yenye taa za mchana zisizozimika. Kwa baadhi, kuvuta hendibreki kabla ya kuwasha hutosha.

#4
Mimi nasema redio ndogo ya betri kavu, basi. Iweke karibu na dirisha, antena imenyooshwa, maana bati la gari huzuia mawimbi. Waya za kubusti ziwe kwenye buti hata hivyo.

#5
Kuegesha: safu za katikati. Ukisogea mbele mno, ukingo wa paa unakata kichwa cha picha. Magari marefu nyuma. Ukigeuza gari ili mtazame kupitia buti, mlango usipite usawa wa paa. Ufunge kwa kamba. Ukiachwa wima, walio nyuma hawaoni kitu, na honi zitakujulisha.

Kioo kikifanya ukungu usifute kwa kiganja, mafuta ya ngozi hutawanya mwanga. Shusha madirisha ya pande mbili sentimita mbili tatu, mvuke wa pumzi utoke.

#6
Niongeze kwa nini zilipungua, maana watu hulaumu video peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa nazo kama 4,000. Sheria ya saa ya mwaka 1966 ilieneza karibu nchi nzima utaratibu wa kusogeza saa mbele kwa saa nzima wakati wa kiangazi, kwa hiyo kwa saa ya ukutani jua huchelewa kuzama. Kwa New Jersey mwezi Juni linazama kama saa 2:30 usiku, na giza la kutosha ni saa 3 na ushei. Filamu ya pili inaisha saa 7 au 8 usiku. Nani ataleta watoto? Ardhi ya pembezoni mwa miji nayo ikapanda bei, na eneo lenye kazi usiku tu haliwezi kushindana na maduka.

Mnamo 2013 studio zilipokuwa zinaacha filamu za milimita 35, projekta ya dijitali iligharimu takriban dola 70,000 kwa kiwambo kimoja, mbali na kiyoyozi cha chumba chake.

#3 (tena)
Mkuu #6, kiwambo chenyewe pia ni tatizo. Ukiongeza upana na urefu mara mbili, mwanga uleule unagawanyika mara nne. Ndiyo maana picha ya uwanjani haing'ai kama ya ukumbini, na uso wa kiwambo haufai kutazama magharibi, jua linapozama.