Vitamini C ipi kwa ngozi inayowaka haraka? Wifi anasafiri Alhamisi

BintiMlandege
Asalaam alaykum wapenzi. Wifi yangu anakuja kutoka Uingereza, anaondoka huko Alhamisi, na kaniambia nimpe jina la seramu moja tu maana begi limeshajaa. Nimebakia na tatu: The Ordinary ile ya glukosaidi asilimia 12, Klairs ya matone, na CeraVe ya vitamini C asilimia 10. Ngozi yangu haitaki mambo, kitu kidogo tu inawaka. Nataka madoa yapungue. Nichukue ipi? Nijibuni leo leo.

MamaWawili_Fuoni
Waalaykum salaam. Madoa ya nini, bibie? Ya chunusi, ya jua, au yale ya mimba yanayokaa mashavuni? Uso wako mkavu au una mafuta? Unanyonyesha? Usiku unapaka nini? Hayo yote hujasema, sasa tukujibu nini?

Rahma_Chumbuni
CeraVe, bila kufikiri mara mbili. Mie naitumia na uso umetulia mashaallah. Ina na yale mafuta ya seramidi yanayolinda ngozi.

MamaWawili_Fuoni
Rahma, wewe ngozi yako inakubali hata sabuni ya kufulia. Mwache mwenzio aseme kwanza.

Mfamasia_Bububu
Wakati tunamsubiri, nieleze tofauti, maana hizo tatu si kitu kimoja. Klairs na CeraVe zina asidi ya askobiki, yaani vitamini C yenyewe, Klairs asilimia 5 na CeraVe asilimia 10. Asidi hiyo haipenyi vizuri mpaka pH ya seramu (kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka ukali unazidi) iwe chini ya 3.5, na ukali huo ndio unaochoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipima jambo hili kwenye ngozi ya wanyama, wakatoa matokeo mwaka 2001: ukipita asilimia 20 ngozi hainyonyi zaidi, na vitamini ikishaingia ndani inachukua kama siku 4 kupungua nusu. Kwa mwenye ngozi nyepesi hii ni habari njema. Si lazima kupaka kila asubuhi. Paka leo, kesho pumzika.

Ile ya The Ordinary ni vitamini C iliyofungwa pamoja na sukari, ngozi ndiyo inayoifungua. Haihitaji ukali ule na haiharibiki upesi. Kasoro yake ni kwamba inakwenda polepole, na ushahidi wake ni mchache kuliko wa asidi yenyewe. Ndugu zake ni MAP na SAP, nazo ni vitamini C zilizofungwa, ya kwanza na magnesi na fosfeti, ya pili na sodiamu na fosfeti. MAP ilijaribiwa Japani, matokeo yakatoka 1996: krimu ya asilimia 10, watu 34 wenye madoa, na 19 kati yao yalififia waziwazi. SAP hupendelewa na wenye chunusi.

Na hili msilisahau: ngozi zetu nyeusi zikiungua au kuwashwa, pale palipowaka huacha doa. Seramu kali inaweza kukuongezea hayohayo unayotaka kuyatoa. Ndiyo maana mie kwa ngozi kama ya Binti naanzia na ile ya upole, hata ikichelewa.

Shangazi_Mkunazini
Wanangu mnahangaika na vichupa. Zamani tulisaga liwa kwa marashi ya waridi, unapaka jioni, asubuhi uso unang'ara. Na ndimu si vitamini C hiyo? Kamulia kijiko, pakaza, osha. Bure kabisa.

Mfamasia_Bububu
Shangazi, liwa sina ugomvi nayo. Lakini ndimu usoni hapana, naomba sana. Maji ya ndimu na maganda yake yana kitu kinachoshirikiana na jua kuunguza ngozi. Mtu anakamua ndimu, anatoka juani, baada ya siku mbili tatu anaona malengelenge, halafu weusi unaokaa miezi. Nimewaona wauza urojo na juisi wakiwa na alama hizo mikononi.

Shangazi_Mkunazini
Mimi nimekua nayo na sijapata lengelenge hata moja.

UkhtiWete
Mie niseme yaliyonikuta ili wengine wajihadhari. Mwaka jana nilikuja Unguja kwenye harusi, nikapita duka moja mjini, silitaji. Kabati lao la kioo linatazama barabara, jua la mchana lote linapiga pale pale kwenye chupa. Nikaulizia vitamini C, yule kijana akanitolea moja ya bei kubwa, jina kubwa, boksi zuri. Nikamuuliza mbona maji yake rangi ya chai ya rangi? Akaniapia ndivyo ilivyo, eti hiyo rangi ndiyo inaonyesha vitamini imekolea. Tarehe ya mwisho imefunikwa na stika ya bei. Nikabandua stika mbele yake, nikakuta tarehe bado haijafika, basi nikalipa.

Nikarudi Pemba, nikapaka usiku. Kwanza harufu, kama chuma kilichopata kutu. Halafu moto. Nikasema labda ndivyo ilivyo, watu wanasema inachoma mwanzo. Asubuhi mashavu mekundu, yamevimba chini ya macho, na ngozi ikaanza kubanduka pembeni ya pua. Harusi nyingine ilikuwa inakuja Chake wiki ile ile na mie ndiye niliyepangwa kukaa na biharusi! Nilivaa nikabu siku nzima na ndani naungua. Yakapona mekundu, yakabaki meusi, hayo ndiyo yaliyonikalia mpaka baada ya Ramadhani. Nilipompigia yule wa duka akasema mali ikishafunguliwa hairudi.

Kwa hiyo Binti, hata ukichagua nzuri, tazama rangi. Asidi ya askobiki nzuri ni nyeupe kama maji au njano ya mbali sana. Ikifika rangi ya chungwa au kahawia, imeshakufa.

DukaKijana_Darajani
Pole ukhti. Lakini msitupake matope wauzaji wote. Mali inakuja na kontena, inakaa bandarini Dar kwenye joto, halafu inapanda boti. Sisi tunapokea imeshachoka. Wengine wetu tunaweka kwenye friji.

UkhtiWete
Umeme ukikatika friji lako linakuwa kabati tu. Na kama unajua imeshachoka, kwa nini uniuzie?

DukaKijana_Darajani
Nimesema wengine. Mie chupa ikibadilika rangi natupa.

Rahma_Chumbuni
Nani anatupa mali ya elfu sabini?

MamaWawili_Fuoni
Jamani mtoa mada yuko wapi?

BintiMlandege
Nipo, nilikuwa napika. Umri 29, sinyonyeshi. Uso una mafuta paji la uso na pua, mashavu makavu. Madoa ya chunusi, na mengine sijui ya nini, yako mashavuni pande zote mbili. Usiku napaka krimu moja ananichanganyia dada mmoja mtaani, inakuja kwenye kikopo cheupe. Ile inafanya kazi vizuri, lakini nikiikosa siku mbili uso unawaka na kuwasha. Ndiyo maana nikasema ngozi yangu nyepesi.

MamaWawili_Fuoni
La ilaha illallah. Mkorogo.

BintiMlandege
Si mkorogo, ni ya madoa tu. Haina hata harufu ya dawa.

Mfamasia_Bububu
Binti, nisikilize kwa upendo. Krimu isiyo na lebo, inayong'arisha haraka, na ukiikosa uso unawaka: dalili hizo ni za steroidi kali (dawa za hospitali za kutuliza ngozi iliyovimba), kama klobetasoli au betamethasoni. Ngozi imeizoea na imekuwa nyembamba. Inawezekana pia ndani mna haidrokwinoni, ile dawa ya kung'arisha ngozi, au zebaki. Zebaki inaingia mwilini na kuumiza figo, na kwa mjamzito inamfikia mtoto. Mkataba wa Minamata, ule wa mataifa wa kudhibiti zebaki, ulishaamua vipodozi vyenye zebaki vitoke kabisa mwisho 2025, na hivyo vya kuchanganya mtaani hakuna anayevipima.

Usiiache ghafla kwa kusoma hapa. Nenda na kikopo chako kwa daktari wa ngozi, anza hospitali ya Mnazi Mmoja, akupangie namna ya kushuka taratibu. Na kama dada huyo anauzia wengi, ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, ndio wenye kazi hiyo, wapelekewe habari. Sasa hivi seramu yoyote ile, hata ya glukosaidi, utaipaka juu ya ngozi iliyo wazi.

Rahma_Chumbuni
Lakini wifi anaondoka Alhamisi. Si anunue tu, iwekwe? Ile ya The Ordinary si ya kuharibika upesi umesema mwenyewe.

Mfamasia_Bububu
Sijakataa. Ikae mahali pa baridi, isifunguliwe. Siku ikifunguliwa, tone moja nyuma ya sikio kwa siku kadhaa kabla ya kugusa uso.

UkhtiWete
Mie ningemwambia wifi aache vitamini C alete sanskrini, krimu ya kukinga jua. Unafuta madoa asubuhi, jua letu linayarudisha mchana. Huku mwaka mzima jua ni kali, hata siku ya mawingu ya masika.

Shangazi_Mkunazini
Sanskrini inamfanya mtu uso wa jivu kama katoka kupika mkaa. Mwanangu mmoja alipaka akaenda kazini watu wakamuuliza kama anaumwa.

UkhtiWete
Hizo ni za zinki nyeupe, shangazi. Ziko zenye rangi ya ngozi, zimetiwa oksidi ya chuma. Na hizo ndizo zinazosaidia madoa kama ya Binti ya pande mbili, kwa sababu mwanga wa kawaida nao huyazidisha na sanskrini ya kawaida haiuzuii.

DukaKijana_Darajani
Za rangi ninazo, lakini zinakuja za ngozi nyeupe. Rangi yetu ikifika inaisha siku hiyo hiyo. Nikiagiza nyingi wakubwa wa Dar wanasema haitembei.

MamaWawili_Fuoni
Haitembei vipi na watu wote tunaitafuta? Nimezunguka Mlandege mpaka Mwanakwerekwe, kila kopo ni la rangi ya karanga mbichi. Wekeni oda, tutakuja.

BintiMlandege
Nimemuuliza yule dada kwenye kikopo mna nini. Kasoma ujumbe, hajajibu. Wifi naye anapiga simu anataka jina.

Rahma_Chumbuni
Mpe CeraVe.

UkhtiWete
Sanskrini! Na amwonyeshe mwenye duka huko picha ya mkono wako, si ya uso, uso umebadilishwa na hiyo krimu.

Shangazi_Mkunazini
Na mie nataka hiyo ya rangi, kama ipo ya kwangu. Inapakwa kabla ya liwa au baada?