DJ uliyetafsiri filamu ya yule mtoto wa Kihindi asiyeweza kusoma, umetukosea sana

Wakuu, salaam. Nina hasira tangu Jumamosi usiku na nimejizuia siku mbili ili nisije nikaandika matusi. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunijibu.

Kwetu Jumamosi ni siku ya filamu. Mama yangu amevuka sitini na tano, Kiingereza hajui, na macho yake hayawezi tena kukimbizana na maandishi madogo ya chini. Kwa hiyo tunachukua za kutafsiriwa, zile ambazo DJ anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Napeleka flashi kibandani, kijana ananiwekea tatu nne, nalipa, jioni tunakaa sebuleni na ubuyu wetu. Tumeishi hivyo miaka.

Safari hii nilichukua tatu. Ya kwanza ya ngumi, mzee na wanafunzi wake mlimani. DJ alipiga kelele mwanzo mwisho, akawapa watu majina ya mitaa yetu, mama akacheka hadi akashika mbavu. Sina neno hapo. Mtu akirushwa ukutani hakuna cha kutafsiri. Ya pili ya Kinaijeria, mama mkwe na mke wa kijana wake wanagombania nyumba, ndefu bila sababu, nilisinzia katikati na nilipoamka walikuwa bado wanagombania nyumba ileile.

Ya tatu ndiyo iliyonifikisha hapa. Taare Zameen Par, ya mwaka 2007, aliyoiongoza Aamir Khan na yeye mwenyewe akacheza kama mwalimu. Niliiona zamani nikiwa chuo, na maandishi ya Kiingereza, na nililia mbele za watu. Inahusu mtoto wa miaka minane, Ishaan, asiyeweza kusoma wala kuandika. Herufi zinamgeukia. Baba yake anaamini ni uvivu na ukaidi, anampeleka shule ya bweni akanyooshwe. Huko mtoto anazidi kunyamaza, hata kuchora anaacha, mpaka anakuja mwalimu wa sanaa anayegundua kwamba mtoto ana disleksia, na kwamba akili yake ni nzima kabisa.

Sikuichukua kwa bahati mbaya. Niliitafuta.

Mtoto wa dada yangu yuko darasa la tatu. Mtume dukani vitu saba bila karatasi, analeta vyote saba na chenji kamili. Redio ikiharibika anaifungua na kuifunga. Lakini mpe kitabu cha darasa la kwanza, anatoka jasho. Mwambie aandike "baba", anaandika "dada". Mwambie aandike "dada", anaandika "baba". Si mara moja, si kwa haraka, ni kila siku. Amevuka KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) hivyohivyo, amesukumwa tu. Darasani anakaa nyuma na wenzake wana jina wanalomwita ambalo sitaliandika. Baba yake, shemeji yangu, ni mtu mzuri na anampenda, ila ana jibu moja tu: uvivu. Na dawa ya uvivu kwake mnaijua.

Nimeongea na shemeji mara nyingi, naonekana mama mdogo anayedekeza. Nikasema basi, aione mwenyewe kwa macho yake, baba mwenzake akifanya anachofanya yeye. Filamu ina nguvu ambayo maneno yangu hayana. Nikawaalika wote, dada, shemeji na mtoto. Nikapika pilau. Kijana wa kibandani akaniambia, "Hiyo ipo dada, imetafsiriwa, kali sana."

Sasa sikilizeni alichofanya huyu DJ.

Mapema tu kuna mahali mwalimu anamsimamisha Ishaan asome. Mtoto anaangalia kitabu, anasema herufi zinacheza. Ndiyo filamu nzima hiyo, wakuu! Mtoto anasema ukweli wake kwa mara ya kwanza, na darasa linamcheka, na mwalimu anamfokea. DJ wetu kasemaje? "Dogo anamwambia ticha, mimi sitaki kusoma, nataka kwenda kucheza." Neno moja kalisikia, au kalibahatisha, akaligeuza kichwa chini miguu juu. Mtoto anayeomba msaada akageuzwa mtoto mtoro. Shemeji akacheka, akamgeukia mwanawe: "Umejiona?"

Nikasema labda kateleza. Nikavumilia.

Ikaja sehemu niliyoisubiri. Mwalimu Nikumbh, yule wa sanaa, anasafiri hadi nyumbani kwa kina Ishaan. Baba anashikilia palepale, mtoto ana kiburi, mtoto hajitumi. Mwalimu anachukua boksi lenye maandishi ya kigeni, anampa baba, anamwambia asome. Baba anashangaa, nitasomaje maandishi nisiyoyajua? Mwalimu anambana, jitahidi, weka akili hapo. Halafu anamtupia maneno yaleyale ambayo baba amekuwa akimtupia mwanawe, kwamba ana utovu wa adabu, anafanya makusudi. Kwa dakika ile moja baba anakuwa mtoto wake. Nilikuwa nimeshageuza kiti ili nimwone shemeji usoni.

DJ akasema: "Ticha anamwambia mshua, kijana wako ametupiwa jini, dawa yake imo kwenye hili boksi."

Narudia kwa ambao hamkuamini. Jini. Dawa. Boksi.

Nilisimama. Nikasema si kweli, hajasema hivyo, nikaanza kueleza, lakini DJ anapiga kelele kuliko mimi na hana mahali pa kupumua. Mama akasema, "Kumbe mtoto ana jini, maskini." Dada akaniangalia. Mtoto mwenyewe akamwangalia bibi yake, akaangalia tivii, akainuka akaenda kulala. Saa mbili usiku, Jumamosi, mtoto ambaye huwa tunamfukuza mbele ya tivii.

Sikuzima, nikidhani bado kuna pa kuokolea. Baadaye baba anakwenda shuleni, na mwalimu anamsimulia kisa cha Visiwa vya Solomon, kwamba huko watu wakitaka kufyeka msitu hawakati miti, wanauzunguka mti na kuutukana na kuulaani mpaka unanyauka wenyewe. Kama kisa hicho ni cha kweli au ni hadithi, sijali. Baba anakielewa. Uso wake unabadilika. DJ muda huo alikuwa anasalimia watu. Wallahi. Namsalimia fulani wa stendi, namsalimia fulani wa saluni, anayetaka muvi apige namba hii. Baba wa watu machozi yanamlenga kwenye kioo na sisi tunasomewa namba ya simu.

Kingine sikukigundua mpaka nilipoangalia saa. Filamu hii ni zaidi ya saa mbili na nusu. Niliyouziwa haikufika saa mbili. Nyimbo zimekatwa zote! Najua wengi mnaziruka nyimbo za Kihindi, haki yenu. Ila katika hii, mwalimu anavyomfundisha mtoto kumeonyeshwa humohumo ndani ya muziki: anaandika herufi kwenye mchanga, anazifinyanga kwa udongo, anajifunza hesabu akipanda na kushuka ngazi. Vitu ambavyo dada yangu angeweza kuvifanya kesho yake uani bila kununua hata penseli. Mkasi umepita hapo.

Najua mtakayoniambia.

Mtasema ni burudani, DJ ana uhuru wa kunogesha. Mimi si mgeni wa mambo haya. Nimekulia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, na jina la Lufufu, marehemu Derrick Mukandala, nalitaja kwa heshima. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana kina VJ Jingo. Kumsimulia mtu filamu asiyoielewa ni kazi ya maana na ina ufundi wake. Mtu kama mama yangu asingewajua Bruce Lee wala Amitabh Bachchan bila kazi hiyo. Nogesha. Mpe jambazi jina la utani, weka methali, cheka na sisi. Lakini mtu akisema "mtoto wako haumwi wala si mvivu, anasoma kwa njia nyingine", ukasema amesema "mtoto wako ana jini", hiyo siyo kunogesha. Umemwekea mtu maneno mdomoni, tena mbele ya wazazi wanaokuamini kwa sababu hawana namna ya kukukagua. Mama yangu hawezi kukukagua. Anakuamini kama anavyoamini taarifa ya habari.

Mtasema tumia ya asili. Nimeshaeleza, mama hajui Kiingereza. Na shemeji, fundi magari anayerudi usiku, hataki kusoma maandishi kwa muda wa saa mbili na nusu. Sisi tunaozungumza Kiswahili ni mamilioni mangapi? Kwa nini lugha yetu nyumbani iwe ya mzaha na ukweli ubaki kwenye Kiingereza?

Mtasema umenunua ya wizi, unalalamika nini. Hapo sibishani. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aitafsiri, na sidhani kama kuna aliyeulizwa. Nimenunua nikijua. Lakini nionyesheni duka lenye filamu hii kwa Kiswahili halali na nitakwenda leo kwa miguu.

Na msiniambie haiwezekani. Mwaka 2011 TBC ilituonyesha ile tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake. Kila mhusika alikuwa na sauti yake, mama mkwe anasikika mama mkwe, mke anasikika mke. Nchi nzima ilikaa mbele ya tivii, hadi Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Azam nao wakatuletea Sultan ya Waturuki kwa Kiswahili kilichonyooka, mama akawa anajua mambo ya jumba la Ottoman kuliko ya mtaa wetu. Kwa hiyo watu wa kuifanya kazi hii vizuri wapo.

Wewe DJ, sitakutaja jina, nakuomba hivi. Itazame filamu yote kabla hujafungua kipaza sauti. Usichokielewa, uliza. Usichoweza kuuliza, nyamaza, picha itatusaidia. Salamu zako weka mwanzoni au mwishoni. Na ukikutana na filamu ya mtoto mgonjwa, mtoto aliyeonewa, mtoto asiyeweza kusoma, jua kwamba sebuleni kwa mtu fulani yupo mtoto wa hivyo anakusikiliza.

NYONGEZA (Jumatatu usiku):

Asanteni mlionipa pole. Kwa wanaouliza mtoto yukoje: yupo, haongei sana, jana kaniuliza kama jini likiwa kichwani linauma. Nimemweleza nilivyoweza. Wenye uzoefu wa watoto kama huyu, hasa walimu mlioko humu, tafadhali andikeni mlichofanya kikafaa. Nasoma kila jibu.

Jana Jumapili nilipata filamu kamili kwa mwenzangu wa kazini, haina sauti ya DJ. Tukakaa mimi, mama, dada na mtoto. Nikashika rimoti, wakisema jambo nasimamisha, naeleza, naendelea. Imetuchukua karibu saa nne na sauti imenikauka. Herufi zinacheza, nikasema herufi zinacheza. Mtoto akasogea akakaa karibu na miguu yangu.

Kuna kijitabu ambacho Ishaan amekichora. Ukipitisha kurasa haraka, unaona familia ya watu wanne, na mmoja mdogo anasogea mbali na wenzake, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka anabaki peke yake. Jumamosi sehemu hiyo DJ alikuwa anatuambia dogo anachora katuni. Jana mama akaniuliza, "Hapa wanasema nini?"

Nikamwambia hawasemi kitu, mama, angalia tu.

Akaangalia. Akaniomba nirudishe, nikarudisha. Halafu akamvuta mjukuu wake akamweka pembeni yake, na hakuniuliza kitu tena mpaka mwisho.

Shemeji hakuwepo, alikuwa gereji. Nimempigia leo kumwomba aje Jumamosi tuirudie. Anasema ile ameshaiona.