Celtic ya msimu wa 2012/13: ubingwa halali au ubingwa wa kukosa mpinzani?

Jirani wa Mumias ameuliza:

Ndugu wanajamvi, salaam.

Naomba mchango wa wale wanaofuatilia soka la Scotland kwa karibu. Kila inapotajwa Celtic ya msimu wa 2012/13, ambayo wengi wetu hapa Kenya tuliifuatilia kwa sababu ya Victor Wanyama, huzuka hoja mbili zinazopingana, na bado sijaona mtu aliyezipatanisha. Hoja ya kwanza inadai kwamba ubingwa wa ligi mwaka ule haukuwa na thamani yoyote, kwa kuwa watani wao wa jadi, Rangers, walikuwa wamefilisika na kulazimika kuanza upya katika daraja la nne. Hoja ya pili inadai kwamba timu iliyoifunga Barcelona 2-1 tarehe 7 Novemba 2012, Barcelona ile ile ya Messi, Xavi na Iniesta, haiwezi kuitwa bingwa wa bure.

Kinachonitatiza ni matokeo yenyewe. Nimeyapitia upya, na naona kwamba timu hiyo hiyo ilifungwa nyumbani na Kilmarnock, kisha ikafungwa nyumbani na Inverness, ikatolewa na St Mirren katika nusu fainali ya Kombe la Ligi, na bado ikamaliza msimu ikiwa imebeba ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la Scotland. Msimu wa namna hii tuupime kwa mizani gani? Na je, kukosekana kwa Rangers kuliwafaa Celtic au kuliwaharibia?

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Ndugu Jirani, swali lako ni zuri, na ninadhani jibu lake limo ndani ya ratiba kuliko ndani ya msimamo wa ligi.

Tuanze na jambo ambalo watu hulisahau. Msimu wa 2011/12, Rangers walipokuwa bado ligi kuu, Celtic walikuwa mabingwa kwa pointi 93 dhidi ya 73 za Rangers. Ni kweli Rangers walikatwa pointi 10 kwa kuingia chini ya msimamizi wa mufilisi, lakini hata ukiwarudishia pointi hizo, bado Celtic wanabaki mbele kwa pointi 10. Kwa hiyo Celtic hawakuokota taji lililoachwa njiani na mwenzao. Walikuwa mabingwa watetezi.

Sasa tazama msimu unaouliza. Celtic walimaliza wakiwa na pointi 79 katika mechi 38: walishinda 24, wakatoka sare 7 na kupoteza 7. Motherwell walioshika nafasi ya pili walikuwa na pointi 63. Yaani mpinzani mkubwa ameondoka, na badala ya pointi kuongezeka, zimepungua kwa 14. Mtu akiniambia kwamba ligi ilikuwa rahisi, namuuliza ni kwa nini basi bingwa alikusanya pointi chache kuliko mwaka uliotangulia.

Chukua zile mechi saba walizopoteza, uziweke kando ya tarehe za Ligi ya Mabingwa Ulaya. Tarehe 15 Septemba walifungwa na St Johnstone, na siku nne baadaye walikuwa na Benfica. Tarehe 23 Oktoba walicheza Camp Nou, uwanja wa Barcelona, ambako Jordi Alba aliwafunga bao la pili katika dakika za majeruhi baada ya wao kuongoza. Jumamosi iliyofuata Kilmarnock wakaja Celtic Park na kushinda 2-0, na mmoja wa wafungaji alikuwa Cillian Sheridan, aliyewahi kuichezea Celtic yenyewe. Kilmarnock hawakuwa wameshinda katika uwanja ule tangu mwaka 1955. Tarehe 20 Novemba walipoteza kwa Benfica kule Lisbon, na tarehe 24 Inverness wakawafunga 1-0 nyumbani kwa bao la Billy McKay. Tarehe 6 Machi walikuwa Turin kucheza na Juventus, na tarehe 9 wakasafiri hadi Dingwall, mji mdogo wa kaskazini wenye watu wapatao 5,000, wakaongoza 2-0 dhidi ya Ross County, kisha wakafungwa 3-2.

Ukiongeza sare ya 1-1 nyumbani dhidi ya Arbroath katika Kombe la Scotland, timu ya daraja la tatu, tarehe 1 Desemba, siku nne kabla ya mechi ya kufa na kupona dhidi ya Spartak Moscow, picha inakamilika. Kocha Neil Lennon alikuwa na kikosi cha wachezaji kumi na wawili au kumi na watatu wa kutegemewa. Aliamua kuwatumia Jumanne na Jumatano, na Jumamosi akalipa.

Bi Rukia amejibu:

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na takwimu zako sina ugomvi nazo. Hata hivyo umejibu nusu ya swali. Ndugu yetu ameuliza pia kama kukosekana kwa Rangers kuliwafaa Celtic, na mimi nasema kuliwafaa, ila si kwa namna inayosemwa mitaani.

Fikiria hali ingekuwaje kama Rangers wangekuwepo. Kocha wa Celtic anayefungwa nyumbani na Kilmarnock mwezi Oktoba, na nyumbani na Inverness mwezi Novemba, huku Rangers wakishinda mechi zao, asingemaliza Desemba akiwa na usingizi. Glasgow haina subira na kocha wa namna hiyo. Angelazimika kuwarudisha nyota wake kwenye mechi za ligi, na huenda usiku wa Barcelona ungechezwa na miguu iliyochoka. Kutokuwepo kwa Rangers hakukuwapa Celtic ubingwa. Kuliwapa ruhusa ya kupoteza mechi. Lennon alijua kwamba Motherwell hawangemfikia, akaitumia nafasi hiyo kuwekeza nguvu zake Ulaya. Hilo ni faida, na tusilifiche.

Jambo la pili, Mwalimu, nadharia yako ya ratiba inagonga mwamba katika Kombe la Ligi. Nusu fainali dhidi ya St Mirren ilichezwa Hampden, uwanja wa taifa wa Scotland, tarehe 27 Januari 2013. Mwezi ule hakukuwa na mechi yoyote ya Ulaya. Juventus walikuwa bado wiki mbili mbele. Celtic walifungwa 3-2, na Charlie Mulgrew alikosa penalti wakati mechi ikiwa 1-1. St Mirren walikwenda mbele hadi wakabeba kombe lenyewe kwa kuwafunga Hearts 3-2, kwa hiyo hawakuwa watu wa kudharauliwa, lakini mwaka mmoja kabla ya hapo Celtic walikuwa wamefungwa na Kilmarnock katika fainali ya kombe hilo hilo. Mara mbili mfululizo Hampden, mara mbili mbele ya timu ndogo. Huo si uchovu wa Ulaya, huo ni udhaifu wa kikosi ambacho kilicheza vizuri zaidi kilipokuwa hakitarajiwi kushinda.

Vilevile tarehe 29 Desemba walifungwa 1-0 na Hibernian pale Easter Road. Nako hakukuwa na Ulaya.

Namba Sita amejibu:

Wakubwa wangu, naafikiana zaidi na Bi Rukia, lakini naomba kuongeza jambo kuhusu namna timu ile ilivyocheza, kwa sababu nadhani linaeleza kwa nini ilikuwa hatari kwa Barcelona na butu kwa Inverness.

Mabao yote mawili ya usiku wa Novemba yanafundisha. La kwanza, dakika ya 21, ni kona ya Mulgrew kutoka upande wa kushoto, na Wanyama anajitokeza nyuma ya msongamano akiwa anakabwa na Jordi Alba, beki mfupi ambaye hakuwa na namna ya kumzuia hewani, akapiga kichwa kikaingia. Bao la pili, dakika ya 83, ni mpira mrefu uliopigwa na mlinda mlango Fraser Forster. Xavi alijaribu kuuzuia akaukosa, na kijana Tony Watt, mwenye umri wa miaka 18, akakimbia nao na kumfunga Valdés. Messi alirudisha moja katika dakika za nyongeza, lakini muda ulikuwa umekwisha. Celtic ilikuwa imetimiza miaka 125 siku moja kabla.

Angalia jinsi mabao hayo yalivyopatikana: kona na mpira mrefu wa kipa. Celtic ya Lennon ilijengwa kujilinda kwa nidhamu, kunyakua mipira ya pili na kushambulia kwa haraka. Mbele ya timu inayomiliki mpira, mtindo huo ni silaha. Mbele ya Inverness, ambao wamerudi nyuma wote na wanakuachia mpira ufanye utakalo, mtindo huo hauna pa kuanzia. Kiungo kama Wanyama, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukata mashambulizi na kutawala eneo la katikati, anakosa cha kukata. Hapo unamhitaji mtu wa kufungua kufuli, na Kris Commons pekee ndiye aliyekuwa na ufunguo huo kwa uhakika.

Kwa hiyo, Mwalimu, ratiba ilichangia, lakini hata kama wangekuwa wamepumzika wiki nzima, timu ile ingetaabika dhidi ya ukuta wa watu kumi.

Jirani wa Mumias amerejea:

Nawashukuru nyote, mmenifungua macho. Naomba niulize jambo moja la nyongeza. Kama mtindo wao ulifaa kwa timu kubwa za Ulaya, mbona Juventus waliwafunga 3-0 pale Celtic Park na 2-0 kule Turin katika raundi ya 16? Celtic walikuwa wamemaliza kundi wakiwa wa pili kwa pointi 10, mbele ya Benfica, kwa hiyo hawakufika pale kwa kubahatisha.

Namba Sita amejibu:

Kwa sababu Juventus hawakuwa Barcelona. Waliwaachia Celtic mpira.

Mechi ya kwanza, tarehe 12 Februari, iliharibika dakika ya tatu tu. Beki Efe Ambrose alikuwa ametwaa Kombe la Mataifa ya Afrika akiwa na Nigeria kule Afrika Kusini tarehe 10, akasafiri usiku, na akapangwa kuanza. Mpira mrefu ulipokuja akashindwa kuusoma, Alessandro Matri akafunga. Baada ya hapo Celtic walishambulia kwa muda mrefu, wakapata kona nyingi, na kila kona Stephan Lichtsteiner alikuwa amemkumbatia mshambuliaji Gary Hooper mbele ya mwamuzi kutoka Hispania, ambaye hakuona sababu ya kupuliza filimbi. Mashabiki wa Celtic wanalalamika juu ya kona zile hadi leo, na kwa kweli wana haki. Lakini Marchisio na Vučinić walifunga mabao mawili ya mwisho kwa mashambulizi ya kushtukiza, yaani kwa silaha ambayo Celtic wenyewe walikuwa wameitumia miezi mitatu iliyotangulia.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Bi Rukia, hoja yako kuhusu St Mirren naipokea, wala sitajaribu kuipindua. Pamoja na hayo, Kombe la Scotland lilikwenda vinginevyo, na ndilo linalonifanya nisiwaite timu ya kubahatisha. Waliwashinda Arbroath 1-0 katika mechi ya marudio, wakapita kwa Raith Rovers, wakawatoa St Mirren wale wale katika robo fainali, kisha wakawashinda Dundee United 4-3 katika nusu fainali ambayo iliamuliwa na bao la Anthony Stokes katika muda wa nyongeza. Fainali ya tarehe 26 Mei dhidi ya Hibernian, ambao walikuwa hawajalibeba kombe hilo tangu 1902, ilikuwa imekwisha kabla ya mapumziko: Hooper alifunga mawili, Joe Ledley akaongeza la tatu kipindi cha pili. Wakati huo ligi ilikuwa imeshaamuliwa tangu tarehe 21 Aprili, kwa ushindi wa 4-1 dhidi ya Inverness.

Kuhusu Rangers, naona msimu uliofuata ndio kipimo kizuri zaidi. Katika 2013/14 Rangers bado hawakuwepo ligi kuu, kwa hiyo hali ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kikosi: Wanyama aliuzwa Southampton kwa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, Hooper akaenda Norwich, na beki Kelvin Wilson akarudi Nottingham Forest. Celtic ile iliyopungua ilikusanya pointi 99 kwenye ligi. Katika Ulaya ilishika mkia wa kundi lake kwa pointi 3, Morton wakaitoa katika Kombe la Ligi pale pale Celtic Park, na Aberdeen wakaitoa katika Kombe la Scotland.

Bi Rukia amejibu:

Basi Mwalimu, hapo umenisaidia mimi kuliko ulivyojisaidia. Pointi 99 na hakuna usiku mmoja unaokumbukwa. Mimi ningechagua zile 79.