Taa za lori la dizeli zinafifia usiku ingawa betri ni mpya: tatizo liko wapi?

MzigoWaKusini

Wakuu, poleni na majukumu. Ninamiliki lori la Kijapani la tani 10, lenye injini ya dizeli ya pampu ya kawaida na umeme wa volti 24 kutoka betri mbili za volti 12. Hubeba mahindi kutoka Songea kwenda Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya safari huwa ya usiku.

Taa kubwa zimepungua mwanga hatua kwa hatua. Lori likiwa kwenye foleni ya mizani huku injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, taa huwa za manjano kabisa. Dereva akikanyaga hupata nguvu kidogo, lakini hazirudii weupe wake wa zamani. Akiwasha indiketa ya kushoto, taa kubwa ya upande huo hucheza kwa kufuata indiketa. Asubuhi za baridi pale Makambako, stata huzunguka kwa uvivu. Betri zilibadilishwa zote mbili kwa pamoja mwaka huu, lakini moja hukauka maji kila mara na nyingine haikauki.

Fundi wa kwanza alichomoa tamino ya betri injini ikiwaka, na kwa kuwa injini haikuzima, akasema alteneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) ni nzima. Wa pili anataka ninunue alteneta kubwa zaidi. Wa tatu anashauri balbu za wati 100. Kabla sijatoa fedha, naomba mawazo ya wenye uzoefu.

Fundi Katauti

Mkuu, kipimo cha fundi wa kwanza hakithibitishi chochote. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, haina plagi za cheche, na injini yenye pampu ya kawaida ikishawaka huhitaji umeme kidogo mno, pengine kwa ajili ya solenoidi (vali ya umeme) ya kufungua mafuta tu. Hata alteneta dhaifu ingeweza kutoa umeme huo, injini isizime. Ndiyo sababu katika malori ya aina hii dereva huanza kuona taa zikififia, kisha asubuhi stata ikigoma, wakati injini yenyewe ilikuwa ikivuta mzigo vizuri usiku kucha.

Kibaya zaidi, betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa injini ikiwaka, volti za mfumo wa 24 zinaweza kuruka ghafla hadi kupita 100, zikaunguza diodi (vipande vinavyogeuza umeme wa AC wa alteneta kuwa wa DC wa betri) na katauti (kidhibiti cha volti za kuchaji). Tafadhali mkataze fundi yeyote asirudie.

Tafuta multimita (mita ya kupimia umeme), hata ya bei nafuu, upime kwanza. Lori likiwa limelala usiku mzima, pima kila betri peke yake: iliyojaa husoma takriban volti 12.6, na ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Kisha washa injini, washa taa kubwa, panda hadi mizunguko 1500 kwa dakika, upime betri zote mbili kwa pamoja, halafu kila moja peke yake. Jumla inatakiwa iwe kati ya 27.5 na 28.5. Ukiwa hapo hapo, geuza mita kwenye umeme wa AC; ikisoma zaidi ya nusu volti, shuku diodi.

Mwisho, pima kwenye holda ya taa yenyewe huku balbu ikiwa imechomekwa na inawaka. Hili watu wengi hulikosea. Waya mbovu usiobeba mzigo husoma volti zote kama mzima, na upungufu hujitokeza pale tu umeme unapopita. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya holda na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2 au 0.3, njia ya kurudishia umeme ina kasoro.

Angalia pia nyuma ya alteneta. Malori mengi ya Kijapani yana pampu ya vakyumu ya breki iliyofungwa hapo, na sili yake ikichoka, oili huingia ndani na kulowesha brashi za kaboni. Kisha niambie: je, kuna redio au chaja ya simu ya volti 12 iliyounganishwa kwenye betri moja?

Dereva wa Nyanda

Mimi ni dereva tu, lakini naomba niongeze mawili. Kama lori lako lina hita ya kupasha hewa inayoingia kwenye injini, taa kufifia kwa muda mfupi wakati wa kuwasha asubuhi ya baridi si ugonjwa, kwa sababu hita hiyo hula umeme mwingi. Usije ukaitafuta kasoro mahali isipokuwepo.

La pili ni hizo balbu za wati 100. Nimeona holda zilizoyeyuka na vioo vya ndani vya taa vilivyobabuka kwa sababu yake. Tena anayekuja mbele yako kwenye kona za Kitonga humulikwa machoni akapoteza njia, na hapo si mahali pa kufanyia majaribio.

MzigoWaKusini

Nashukuru sana, wakuu. Nimepima pamoja na kijana wa gereji, na majibu ni haya. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri ya kwanza ilisoma 12.9 na ya pili 12.0. Injini ikiwaka kwa mizunguko 1500 na taa zikiwa zimewashwa, jumla ilikuwa 27.9, lakini ya kwanza ilikuwa na 15.1 na ya pili 12.8. Umeme wa AC ulikuwa mdogo sana. Alteneta ni kavu, haina oili. Kwenye holda ya taa ya kushoto kulikuwa na volti 24.6, na kutoka hasi ya holda hadi hasi ya betri, 1.9. Na ni kweli, redio na chaja za simu zimeunganishwa kwenye betri ya pili pekee. Betri inayokauka maji ni ya kwanza.

Fundi Katauti

Basi fedha ya alteneta ibaki mfukoni. Jumla ya 27.9 inaonyesha inachaji ipasavyo. Ila kagua mkanda wake, kwa sababu ukilegea huteleza mzigo unapozidi.

Una matatizo mawili yaliyokutana. La kwanza ni betri kutolingana. Alteneta huona jumla tu. Haijui kwamba redio imekuwa ikinyonya betri moja. Betri ya pili haijai kamwe, kwa hiyo volti inazozikosa zinaangukia ya kwanza, ambayo kwa 15.1 inachemka na kupoteza maji. Hapo ndipo stata inapopata uvivu, kwa kuwa betri zilizofungwa mfululizo haziwezi kutoa nguvu kupita ile iliyo dhaifu. Ukibadilisha betri bila kuiondoa redio hapo, mpya nazo zitakufa kwa namna ile ile.

Ondoa waya huo leo. Nunua kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12, ukifunge kwenye betri zote mbili kikiwa na fyuzi yake, kisha redio na chaja zitoke hapo. Baada ya hapo chaji kila betri peke yake hadi ijae, ongeza maji ya betri yaliyotoneshwa kwenye ile iliyokauka, uziache usiku mmoja, uzipime. Ikiwa ya pili haitafika 12.5, itakulazimu kubadilisha zote mbili, kwani mpya na ya zamani hazikai pamoja vizuri.

La pili ni waya wa taa. Kati ya 27.9 na 24.6 umepoteza volti 3.3: 1.9 upande wa hasi na 1.4 upande wa chanya. Mwanga wa balbu ya kawaida hushuka haraka kuliko volti; volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Wewe umepungukiwa na karibu asilimia 12. Taa kucheza na indiketa nako kunaeleweka, kwa kuwa zote mbili zinatumia hasi moja iliyoshika kutu nyuma ya taa.

Toa tamino ya hasi ya betri kwanza, fungua bolti ya hiyo hasi ya nyuma ya taa, piga msasa hadi chuma king'ae, funga tena na upake grisi. Safisha vivyo hivyo waya mnene unaounganisha injini na chesisi, maana injini imekalia raba na umeme hauna njia nyingine ya uhakika. Kwa upande wa chanya, weka rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) karibu na taa, yenye fyuzi na waya mnene kutoka betri, ili swichi ya usukani ibebe umeme mdogo wa kuamsha rilei tu. Balbu zibaki za wati zile zile za kiwandani.

Dereva wa Nyanda

Mkuu, ukimaliza kazi hiyo, simamisha lori mbele ya ukuta usiku ukaguliwe mwelekeo wa taa likiwa na mzigo. Taa zilizofifia kwa muda mrefu mara nyingi huwa zimepandishwa na dereva ili aone mbali, na zikirudi na nguvu yake zitawapofusha wengine.